Piramidi Zilijengwa kwa Ajili Gani? Swali la Bibi Harusi wa Bugomora



Leo siwaletei mshono mpya wala bei za vitambaa. Leo nina kisa cha piramidi, na kilianzia kwenye meza yangu ya kukatia nguo hapa Bugomora, wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera.

Alikuja binti mmoja ninayemshonea nguo za harusi, amekuja kujaribisha gauni la nikahi. Nikamwambia aweke mkoba pembeni nimpime mabega upya. Kabla ya kuuweka akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa chekundu, akakilaza mezani taratibu kama mtu anayeweka yai. Ilikuwa piramidi ndogo, kimo chake kama kidole gumba, inang'aa kama kioo. Ndani mna waya wa shaba uliozungushwa, na vijiwe vya rangi rangi. Kaiagiza kwa simu kutoka Dar es Salaam kwa shilingi 35,000. Ameambiwa aiweke chini ya kitanda usiku wa kwanza wa ndoa, itavuta nishati njema na kurudisha husuda kwa wenyewe.

"Dada, hii si hirizi," akaniwahi kabla sijafungua mdomo. "Hii ni sayansi."

Akanionyesha video. Mtu anaeleza kwa Kiswahili kizuri tu, muziki wa kutisha nyuma yake, kwamba piramidi za Misri hazikuwa makaburi. Zilikuwa mitambo ya kuzalisha umeme. Wajenzi ama walishuka kutoka kwenye nyota, ama walikuwa majini, kwa sababu binadamu wa zamani, tena Mwafrika, hana uwezo wa kunyanyua mawe yale. Siri hiyo, anasema, imefichwa na wakubwa wa dunia, na umbo lile lile likiwa dogo lina nguvu ile ile.

Mimi nimeishia kidato cha nne, kisha nikasomea ushonaji. Sikuwa na jibu la papo hapo. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nipe wiki mbili. Gauni bado halijaisha, na jibu bado sina." Usiku, watoto wakilala, nikawa nasoma. Na niliyoyakuta yamenifurahisha kuliko ile video, ndiyo maana nawaandikia.

Kwanza niondoe dhana kwamba huu ni wazimu wa zama za simu. Watu wamekuwa wakibuni habari za piramidi tangu zamani sana, na baadhi yao ni watu wetu. Waandishi wa Kiarabu wa karne za kati walihadithia mfalme aitwaye Surid, aliyeota kwamba gharika inakuja, akajenga piramidi ili kuficha humo elimu yote ya dunia isipotee. Wengine wakasema ni makaburi ya Nabii Idris (a.s.) na watu wake. Khalifa al-Ma'mun, mtoto wa Harun al-Rashid, alifika Misri mwaka 832, na inasimuliwa kuwa ndiye aliyeamuru ile piramidi kubwa itobolewe ili wajue kilichomo. Mpaka leo wageni huingilia katika shimo linaloitwa kwa jina lake. Nao Wakristo wa Ulaya kwa muda mrefu waliamini kwamba piramidi ni maghala ya Nabii Yusuf (a.s.), alimohifadhi nafaka ya ile miaka saba ya neema. Katika kanisa la Mtakatifu Marko kule Venice ipo michoro ya vijiwe inayoonyesha piramidi kama maghala hasa.

Hili la maghala nililitafakari kidogo, maana kisa cha Nabii Yusuf tunakipenda sote. Lakini piramidi ya Giza ni jiwe tupu ndani. Vyumba vyake ni vidogo mno na njia zake nyembamba, mtu mzima anapita ameinama. Ukitaka kuhifadhi mahindi ya kijiji kimoja tu hapa Kyerwa hayaenei. Na katika Surat Yusuf tunasoma namna ya kuhifadhi, kwamba nafaka iachwe katika mashuke yake. Jengo la pembe tatu halikutajwa.

Majini je? Dada zangu, majini wapo, ni katika imani yetu, na Surat Saba inatueleza waliomfanyia kazi Nabii Suleiman (a.s.) na vitu walivyomtengenezea. Lakini Nabii Suleiman, kwa hesabu ya wanahistoria, alikuja zaidi ya miaka 1,500 baada ya piramidi ya Giza kusimama, na ufalme wake haukuwa Misri. Vile vile wengi tunadhani piramidi ni za yule Firauni wa Nabii Musa (a.s.). Mjenzi wa ile kubwa ni Khufu, aliyetawala yapata miaka 2,560 kabla ya Nabii Issa (a.s.), na kati yake na Firauni wa Musa wanahistoria wanahesabu zaidi ya miaka 1,000. Yule wa Musa, katika Surat al-Qasas, alimwamuru Hamana awashe moto juu ya udongo amjengee mnara, yaani matofali ya kuchoma. Za Giza ni mawe ya kuchonga. Ipo pia ile sifa ya Firauni mwenye vigingi katika Surat al-Fajr. Wafasiri wametofautiana, wengine wakasema ni vigingi vya kutesea watu, wengine majeshi, wengine majengo. Basi mtu asikwambie kwa ukali kwamba Qur'ani imesema piramidi ni hivi au vile.

Sasa nije kwenye kile kilichonishika mimi kama fundi.

Piramidi haikuanza ikiwa nzuri. Hilo ndilo ile video haikulisema hata kidogo. Ya kwanza kubwa ya mawe ni ya mfalme Djoser, kule Saqqara, yapata karne moja kabla ya Khufu. Ile haina pande laini. Ni ngazi sita, kama masanduku yaliyopangwa moja juu ya jingine, kubwa chini, dogo juu. Msimamizi wake anatajwa kwa jina, Imhotep. Kisha akaja Sneferu, baba yake Khufu, akataka pande laini. Ya Meidum leo imebaki kama mnara uliozungukwa na rundo la kifusi, maana ganda lake la nje lilimeguka. Akajenga nyingine Dahshur. Hiyo wameianza na mwinuko mkali, wa nyuzi kama 54, wakafika karibu na nusu, jengo likaanza kuwasumbua, wakapunguza mwinuko mpaka nyuzi kama 43 ili wamalize salama. Matokeo yake ina mgongo kama mzee, na inaitwa hivyo hivyo, Piramidi Iliyopinda. Ndipo akajenga ya tatu, ile Nyekundu, wakaianza tangu chini na mwinuko ule mdogo. Ikasimama vizuri. Na baada ya baba kukosea na kurekebisha, mtoto akajenga ile ya Giza, kimo karibu mita 146, mawe yanayokadiriwa kufika milioni 2.3.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu usiku. Nani kati yetu tulioshona hajui hii habari? Unakata shingo ya gauni kwa kujiamini, unafika bega la pili unaona kitambaa kinakataa, unaikunja kidogo, unapunguza, unasema moyoni "hili nitamalizia hivi hivi, lijalo nitalianza vingine." Piramidi iliyopinda ni gauni la kwanza la mwanafunzi. Aliyeshuka kutoka kwenye nyota na mashine zake hakosei mwinuko katikati ya kazi. Anayekosea, akajifunza, akarudia, ni fundi.

Na mafundi hao tunazo habari zao. Mwaka 1990, karibu na Giza, farasi alijikwaa kwenye ukuta wa matofali ya udongo uliofukiwa na mchanga, na ndipo yakagunduliwa makaburi ya wafanyakazi na wasimamizi wao. Mifupa yao ina migongo iliyochoka kwa kubeba, na mikono iliyovunjika ikaungwa vizuri, maana yake walikuwa na watu wa kuwatibu. Jirani na hapo umefukuliwa mji wao: sehemu za kulala, tanuri za mikate, mifupa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi waliochinjwa kwa wingi, na samaki. Yaani kulikuwa na jiko kubwa kuliko la harusi yoyote mliyopata kuhudhuria. Mimi nikisoma "tanuri za mikate" nauliza nani aliyekuwa anaamka alfajiri kukanda unga.

Kisha mwaka 2013 ndiyo ukapatikana ushahidi ulionimaliza. Mahali paitwapo Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, timu ya Mfaransa Pierre Tallet ilikuta mafunjo yaliyoandikwa, ya zamani kuliko mafunjo yote yenye maandishi yanayojulikana. Humo mna shajara ya msimamizi mmoja aitwaye Merer. Alikuwa na kikosi cha watu, kazi yao kupakia mawe meupe ya chokaa kutoka machimbo ya Tura, kuyasafirisha kwa mashua katika mto Nile na mifereji yake, na kuyashusha Giza kwenye kazi ya Khufu. Ameandika siku kwa siku: leo tumepakia, leo tumelala njiani, leo tumefika. Anataja hata mkubwa wao, Ankhhaf, ndugu yake Khufu kwa baba. Ni daftari la mzigo, sawa na lile analoandika kondakta wa lori la ndizi na kahawa. Mitambo ya siri ya nyota haiandikiwi daftari la namna hiyo.

Na kuhusu mashua na mto, niwaambie jambo ambalo Visiwani labda hamlifikirii. Wilaya yetu ya Kyerwa inapakana na Rwanda na Uganda, na mpaka wenyewe ni mto Kagera. Mto huu unaingia Ziwa Viktoria, na ni miongoni mwa vijito vya mbali kabisa vya Nile. Maji yanayopita kwetu, yale ambayo hayakukauka njiani, ndiyo yanayoendelea mpaka yapite karibu na Giza. Nilipomwambia bibi harusi wangu hivyo aliacha kuangalia simu kwa mara ya kwanza.

Lakini aliniuliza swali la haki kabisa. "Sasa dada, kama ni kaburi, mbona hamna maiti?"

Ni kweli. Katika chumba cha juu cha ile piramidi kubwa lipo sanduku la jiwe gumu, tupu, halina hata kifuniko. Hapo ndipo wenye nadharia wanapoingilia. Mwaka 1968 Erich von Däniken, wa Uswisi, alitoa kitabu kilichouzwa dunia nzima cha kuwatia watu mashaka kwamba wageni wa anga ndio waliowafundisha wazee kujenga. Mwaka 1998 Christopher Dunn, fundi mitambo, akatoa cha kudai kwamba piramidi ya Giza ilikuwa mtambo wa nguvu. Video ya binti yule ni mabaki ya hao yaliyopashwa moto.

Jibu la sanduku tupu ni wezi. Mafunjo ya mashauri ya wezi wa makaburi ya wafalme wa Misri yapo mpaka leo, ya yapata miaka 1,100 kabla ya Nabii Issa, watu wamekamatwa na kuhojiwa. Dhahabu ikiwekwa mahali pamoja na kila mtu anajua ipo, haikai. Tena mwaka 1837, katika vijivyumba vilivyo juu ya chumba hicho, ambavyo havikuwa na njia ya kuingilia mpaka walipotumia baruti, yalikutwa majina ya vikosi vya wajenzi yamepakwa rangi ukutani, pamoja na jina la Khufu. Na kama unataka piramidi ijieleze yenyewe, iko ya mfalme Unas huko Saqqara, ya miaka kama 200 baadaye. Kuta zake za ndani zimejaa maandishi kutoka juu mpaka chini, na yote ni maneno ya kumsindikiza maiti apande mbinguni kwa miungu yao. Ni shirki, ndiyo, lakini ni shirki ya kaburini. Hakuna lolote la umeme.

Hapa niwape kitu cha kuwafurahisha, hasa nyinyi wanawali mnaojiandaa. Mwaka 1925, pembeni ya ile piramidi kubwa, liligunduliwa shimo lenye vitu vya Hetepheres, mama yake Khufu. Mnajua palikuwa na nini? Kitanda. Fremu ya kutundikia chandarua kubwa, iliyofunikwa dhahabu. Viti. Kiti cha kubebewa. Na sanduku la bangili za fedha, zimenakshiwa vipepeo kwa vijiwe vya rangi ya feruzi na nyekundu. Nilipoziona picha nikasema, hizi ni za bibi harusi wa Mji Mkongwe kabisa, zimekosa udi na asumini tu. Na sanduku lake la maiti nalo lilikutwa tupu, lakini nani atakwambia kitanda na bangili ni mtambo wa umeme?

Sasa nataka tushuke kusini kidogo, Sudan, maana huko ndiko nilikogundua kwamba hizi nadharia zina uchungu ndani yake.

Sudan ina piramidi nyingi kuliko Misri. Pale Meroe na jirani zake zipo zaidi ya 200, ndogo, zimechongoka, za wafalme na malkia wa Kushi. Mmoja wa malkia hao ni Amanishakheto, aliyetawala karibu na zama za Nabii Issa. Mwaka 1834 daktari mmoja wa Kitaliano, Giuseppe Ferlini, alifika akivunja piramidi kutafuta hazina, na katika ile ya malkia huyu akakuta bangili, pete na mapambo ya dhahabu, ya kazi nzuri mno. Akayapeleka Ulaya kuyauza. Wakakataa. Unajua kwa nini? Hawakuamini kwamba dhahabu ya ustadi ule imetoka kwa watu weusi. Wakadhani ni bandia. Ilichukua muda mpaka yakanunuliwa, na leo yamegawanywa kati ya Munich na Berlin. Malkia kavunjiwa kaburi, kaibiwa bangili, kisha akaambiwa si zake.

Hiyo ndiyo sura halisi ya nadharia ya watu wa nyota. Hamkuona kwamba haisemwi makanisa makubwa ya Ufaransa yalijengwa na watu wa nyota? Inasemwa ya Misri, ya Sudan, ya Zimbabwe Kuu. Na Karagwe yetu pia, ingawa kwa njia nyingine.

Mwezi Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akitafuta chanzo cha Nile, alifika Bweranyange, ikulu ya Omukama Rumanyika wa Karagwe. Wakati huo Kyerwa na Karagwe zilikuwa nchi moja. Hata wilaya yetu imetengwa na Karagwe mwaka 2012 tu. Speke alipokewa vizuri sana. Alipenda adabu na heshima aliyoikuta. Ila ikamshinda kuamini kwamba ni ya watu wa hapa. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1863 akadai kwamba watawala wa nchi za maziwa walitoka Uhabeshi, ni ukoo mwingine, ndio walioleta utawala. Dai lile halikuisha kwenye kitabu. Lilifundishwa, likaenea, na hapo jirani yetu ng'ambo ya mto, Rwanda, kugawa watu kwa asili za kubuni kulikuja kuzaa maafa ya 1994. Tulio mpakani tunajua yaliyobebwa na huu mto mwaka ule. Msinisimulie kwamba nadharia ni mchezo.

Na kuna kisa kimoja ndani ya safari hiyo ambacho kwa fundi hakipitiki. Wanawake wa nyumba ya mfalme walikuwa wananenepeshwa kwa maziwa, ndiyo uzuri wa wakati huo. Speke akamwomba mke mmoja wa ukoo wa kifalme akubali kupimwa. Akatoa kamba yake akampima, na vipimo akaviandika kitabuni dunia ivisome: mkono inchi 23, kifua inchi 52, paja inchi 31, na kuendelea. Mwanamume ajnabi, mgeni, na mwili wa mke wa mtu! Mimi naandika vipimo vya wanawake kila siku, na daftari langu hakuna anayelifungua. Kipimo ni amana. Kinachoniuma zaidi ni kwamba alipima mapaja akaondoka na nadharia, wakati kilichostahili kuchunguzwa kilikuwa kimemzunguka: chuma.

Kagera ni nchi ya wafua chuma. Ikulu ya Bweranyange ilikuwa na vitu vya ufalme vya chuma na shaba. Stanley, aliyefika mwaka 1876, aliona nyumba ya hazina yenye sanamu za bata na za ng'ombe za shaba. Karne moja baadaye, miaka ya 1970, Mmarekani Peter Schmidt alifukua upande wa Buhaya, pale Katuruka na kwingineko, akakuta matanuri ya kuyeyushia chuma ya karibu miaka 2,000. Wazee waliokuwa bado wanaikumbuka kazi wakajenga tanuri upya, wakachoma majani ya matopeni chini yake, wakaingiza mirija mirefu ya udongo ndani ya moto, wakavukuta, na chuma kikatoka. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery wakachapisha habari hiyo katika jarida la Science. Kuhusu upepo unavyopata joto ndani ya ile mirija wataalamu wamebishana mpaka leo. Kuhusu nani aliyefanya kazi hiyo, hakuna ubishi. Ni mababu zetu, kwa udongo, majani na mikono.

Na Unguja ilikuwa inajua. Karibu na ikulu, mahali paitwapo Kafuro, palikuwa na kituo cha Waarabu na Waswahili wa biashara, nguo na shanga zikija, pembe za ndovu zikitoka. Ahmed bin Ibrahim, anayetajwa kuwa Mwarabu wa kwanza kufika Buganda, mwaka 1844, aliishi hapo Kafuro miaka mingi. Kwa hiyo mimi kuagiza vitambaa Darajani vikaja mpaka Bugomora si jambo jipya.

Turudi kwenye piramidi ya kidole gumba. Nilisoma kwamba mwaka 1959 mtu mmoja wa Chekoslovakia, Karel Drbal, alipewa hataza ya piramidi ndogo ya kunolea wembe. Unaweka wembe ndani, unasema unabaki mkali. Wembe! Mimi natumia wembe kila siku kufumulia mishono. Nikasema hii nitaipima. Nikakata boksi la maziwa pembe nne za tatu, nikaziunga, nikapata piramidi safi. Nyembe mbili mpya, nikazitumia sawa sawa, jioni mmoja naulaza ndani ya piramidi, mwingine ndani ya boksi la kawaida la viatu. Siku ya kumi zote mbili zilikuwa zinachana uzi badala ya kuukata. Mwanangu wa kike ndiye aliyekuwa shahidi, na alisikitika, alitaka piramidi ishinde.

Bibi harusi alipokuja wiki ya pili nilimweleza yote haya huku nakaza vifungo mgongoni. Hakukasirika. Akaniambia kitu ambacho hakunieleza mwanzo: dada yake aliachwa miezi minne baada ya ndoa, na mtaani wakasema ni kijicho. Ndiyo maana. Hakuwa anatafuta sayansi wala Misri. Alikuwa anaogopa.

Hapo sikumpa hoja tena. Husuda ipo, Mtume (s.a.w.) ametufundisha hivyo, na dawa yake ametufundisha pia: Suratul Falaq na Suratun Naas, Ayatul Kursiyy wakati wa kulala, nyiradi za asubuhi na jioni. Na ametukataza kutundika vitu kwa kuamini vinakinga, kiwe cha ngozi, cha uzi au cha kioo chenye waya. Tukazisoma pamoja, yeye kasimama na pini mabegani, mimi nimepiga magoti kwenye pindo. Alikuwa anazijua zote tangu madrasa.

Fedha zake alijaribu kuzidai. Muuzaji alisoma ujumbe, akamfungia namba.

Gauni limetoka zuri, kitambaa cheupe cha maziwa, mikono mirefu yenye lesi, shingo imekaa bila kukunjwa hata kidogo. Nikahi ilikuwa Ijumaa. Piramidi kaniachia mimi, hakutaka kurudi nayo nyumbani. Ni nzito kiasi, na chini yake ni bapa, basi nimeiweka mezani inakandamizia patani za karatasi nikiwa nakata, maana dirisha langu linaingiza upepo sana mchana.